Panadol kila siku na kichwa bado kinauma: jibu kwa afisa wa kliniki wa Kyegegwa

Swali: Mimi ni afisa wa kliniki kwenye kituo cha afya daraja la tatu, wilaya ya Kyegegwa, Uganda. Ninaowahudumia ni wakimbizi kutoka Kongo pamoja na wenyeji. Kwa siku sikosi wagonjwa watano au sita wanaolalamikia kichwa. Napima malaria, isipoonekana napima taifodi, mwisho natoa Panadol au nachoma diklofenaki. Wengi wanarudi. Kuna mama wa miaka 34 amerudi mara nne ndani ya miezi miwili. Malaria hana, presha 138/86, Panadol anameza kila siku na sasa anadai sindano. Nimtibu vipi, na nitajuaje nani wa kumpa rufaa ya hospitali ya Fort Portal?

Jibu: Mwenzetu, kwa maelezo hayo huyo mama huenda ana maumivu ya aina mbili yaliyopandana: kipandauso cha miaka mingi, na juu yake kichwa kinacholetwa na Panadol yenyewe. Sindano itampa nafuu ya saa chache, kisha atarudi mara ya tano. Lakini kabla hujamtibu kwa msingi huo, kuna mambo ya kuondoa njiani, na mawili kati yake huua watu hapa kwetu.

La kwanza ni VVU. Usimuulize kama anajua hali yake, maana watu wote hujibu kwamba wanaijua. Muulize alipimwa lini, na kama tarehe ni ya zamani mpime leo. Mwenye VVU anaweza kupata meninjitisi ya kriptokoka, yaani maambukizi ya kuvu kwenye utando wa ubongo, nayo haina tabia ya kuja na shingo ngumu kama ile ya vitabuni. Shingo inaweza kuwa laini kabisa na joto likawa la kawaida. Kinachoisaliti ni mwendo wake: kichwa kinazidi siku hadi siku kwa wiki moja hadi tatu, hakipumziki, halafu kunafuata kutapika, kuona vitu viwili viwili, kusahausahau. Mwenye VVU akija na kichwa cha mwendo huo, pima antijeni ya kriptokoka kwenye damu siku hiyo hiyo. Ni ukanda mdogo unaofanana na wa malaria, na jibu linatoka kwa dakika 10. Usingoje CD4, kile kipimo cha nguvu ya kinga. Ukanda ukionyesha ugonjwa na kichwa kinauma, huyo anahitaji kutolewa maji ya mgongo hospitalini. Usafiri ukikawia, piga simu hospitali mkubaliane kama umwanzishie dawa ya kuvu, flukonazoli 1200 mg, kabla hajaondoka.

Hapa kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema. Mtu amegundulika na VVU leo, na kwa kuwa tumefundishwa kutokawiza dawa, anaondoka na ARV leo, kichwa chake kikiwa hakijachunguzwa. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulilinganisha wagonjwa wa meninjitisi ya kriptokoka walioanza ARV ndani ya wiki mbili na walioanza baada ya kama wiki tano. Kufikia miezi sita, walioharakishwa walikuwa wamekufa 45 kwa kila 100; waliosubiri, 30 kwa kila 100. Kinga inapoamka ghafla wakati kuvu bado wamejaa kwenye ubongo, uvimbe unaozuka humo ndio unaoua. Kwa hiyo mgonjwa mpya mwenye kichwa kisichoeleweka, ARV zingoje mpaka antijeni ipimwe, na ikionekana ni kriptokoka, zingoje wiki nne hadi sita za matibabu ya kuvu.

Na unapomwandikia rufaa, zungumza naye juu ya sindano ya mgongo, maana wengi wanaikataa wakiamini inapooza au inaua. Mwambie neva kuu ya mgongo inaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano inaingia chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne. Mwambie pia kwamba maji yakitolewa presha ya kichwani inashuka, na mara nyingi maumivu yanalegea siku hiyo hiyo. Wagonjwa husikia vifo vilivyotokea baada ya sindano; hawaambiwi kwamba waliokufa walifikishwa wakiwa wamechelewa.

La pili ni mimba. Mama wa miaka 34 apimwe mkojo wa mimba hata kama anasema anatumia kinga. Presha ya 138/86 kwa asiye na mimba haimuumizi kichwa. Presha huanza kuleta kichwa yenyewe ikifika kwenye 180/120, kwa hiyo usimwanzishie dawa ya presha ukitegemea kichwa kitapona. Lakini kuanzia wiki ya 20 ya mimba hadi wiki sita baada ya kujifungua, kichwa pamoja na 140/90 ni kifafa cha mimba kinachobisha hodi. Pima protini kwenye mkojo, muulize maumivu chini ya kifua na ukungu machoni. Presha ikiwa 160/110 au zaidi, au dalili hizo zikiwepo, toa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti kabla gari halijaondoka. Vuta ml 8 za dawa ya asilimia 50, ongeza ml 12 za maji ya sindano, umepata gramu 4 kwenye ml 20. Choma polepole kwenye mshipa kwa muda usiopungua dakika 5. Kisha gramu 5 kila tako, yaani ml 10 za asilimia 50 zikichanganywa na ml 1 ya dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 2. Mshipa ukikosekana, zile gramu 10 za matakoni peke yake zinafaa kumsafirisha.

Mengine nayataja kwa haraka. Kichwa kilicholipuka na kufika kileleni ndani ya dakika moja kinakwenda hospitali leo, hata kama mgonjwa ameshatulia. Vivyo hivyo kichwa chenye degedege, udhaifu wa upande mmoja au kuchanganyikiwa. Kichwa kinachomwamsha usiku na kumtapisha asubuhi. Kichwa kipya baada ya miaka 50. Kichwa cha mama aliyejifungua karibuni hata presha ikiwa nzuri, kwa sababu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya ubongo. Ulizia ajali ya bodaboda miezi mitatu nyuma: damu inayovuja polepole chini ya fuvu huweza kujitokeza baada ya wiki nyingi, hasa kwa wazee na wanywaji. Na mwenye homa, kichwa na kutoka damu, au aliyemuuguza au kumzika mtu wa namna hiyo, mtenge kwanza na uite timu ya wilaya. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2022 ulioanzia Mubende ulifika hata Kyegegwa. Kwa huyo usichome diklofenaki; dawa za kundi hilo huongeza kutoka damu.

Swali moja linasahaulika mno: wengine nyumbani nao wanaumwa kichwa asubuhi? Sigiri ya makaa ikiingizwa ndani usiku wa baridi, mlango umefungwa, hewa ya sumu inawapata wote. Wanaamka na kichwa kizito na kichefuchefu, wakikaa nje kinaisha, kesho kinarudi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitakudanganya hapo, maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hiyo; kitasoma 98 mtu akiwa hoi.

Uchunguzi wenyewe hauzidi dakika tano. Pima joto, presha na mapigo. Kunja shingo. Angalia mboni kama zinalingana, kisha afuate kidole chako kulia na kushoto. Jicho lisilofika pembeni linaashiria presha kichwani. Mfunike jicho moja kwa zamu, umwonyeshe vidole kwenye pembe nne. Anyooshe mikono viganja vikiwa juu, afumbe macho, uhesabu hadi kumi. Mkono ukishuka ukajipindua, upande huo ni dhaifu. Atembee kisigino kikigusa vidole. Kama una darubini ya macho angalia nyuma ya jicho. Kama huna, haya yaliyobaki yanakukamatia wengi.

Yote yakiwa sawa, sasa tafuta namba tatu, na hizi ndizo zitakazokuonyesha ugonjwa: kwa mwezi mzima kichwa kinauma siku ngapi, kila shambulio bila dawa linakaa saa ngapi, na kwa mwezi anameza dawa ya maumivu siku ngapi. Watu hawahesabu hivyo, kwa hiyo pitia nao. "Jumapili iliyopita kanisani kilikuuma? Siku ya soko je?" Mkongo atakwambia "kichwa inaniluma kila siku", chimba zaidi, maana "kila siku" mara nyingine ni siku nane zinazotisha kwenye mwezi.

Kipandauso hukaa saa 4 hadi 72 kisipotibiwa. Kati ya mambo manne awe nayo mawili: kinashika upande mmoja, kinadunda kama ngoma, ni kikali au cha wastani, na kinazidi akiinama au akipanda kilima na dumu la maji. Pamoja na hayo awe na kichefuchefu au kutapika, ama achukie mwanga na kelele kwa pamoja. Awe ameshapata mashambulio matano au zaidi ya namna hiyo. Foleni ikiwa ndefu uliza matatu tu: kichefuchefu, mwanga kumkera, na siku alizoacha kazi kwa sababu ya kichwa ndani ya miezi mitatu. Akijibu ndiyo kwa mawili, elekea kwenye kipandauso. Muulize alikuwa akifanya nini kilipomshika mara ya mwisho. Akisema alifunga mlango, akajilaza gizani na kitambaa kichwani, watoto wakaambiwa wanyamaze, umeshapata zaidi ya nusu ya jibu.

Kichwa cha mkazo ni kingine: kinabana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa, si kikali sana, hakitapishi, na mtu anaendelea kulima nacho. Kuna na kile cha nadra cha nyuma ya jicho moja, dakika 15 hadi saa tatu, jicho likitoa machozi na pua ikivimba upande huo, mgonjwa hawezi kutulia, anatembea huku na huko. Huyo mpe oksijeni kwa barakoa, lita 12 kwa dakika kwa dakika 15 kama mtungi upo, kisha mpe rufaa.

Wengi walioandikiwa "sainasi" kwenye vitabu vyao ni watu wa kipandauso. Sainasi ya kweli ina makamasi mazito ya usaha na mara nyingi homa.

Turudi kwa mama. Muulize kichwa chake kilikuwaje kabla Panadol haijawa ya kila siku. Akikuelezea mashambulio kama niliyoyataja, yaliyokuja mara mbili tatu kwa mwezi tangu usichana, msingi ni kipandauso. Kisha hesabu. Kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na Panadol, ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, hicho ni kichwa cha dawa. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, na kwa tramado, kodeini au ergotamini, siku 10 zinatosha. Kinachohesabiwa ni siku, si vidonge: anayemeza kimoja kila asubuhi yuko hatarini kuliko anayemeza sita siku mbili za mwezi. Ubongo unaoletewa dawa kila siku hushusha kizingiti chake cha maumivu, na dawa inapoisha mwilini kichwa kinauma ili iletwe nyingine. Ulizia vidonge pia, kwa ajili ya ini: kikomo cha mtu mzima ni vidonge 8 vya 500 mg kwa siku, pungufu kwa aliyekonda au mnywaji.

Matibabu ni kuacha, na kuacha kunashindikana pale mgonjwa asipoandaliwa. Mweleze kwamba anayemletea maumivu sasa ni dawa, na kwamba akiiacha kichwa kitazidi kwa siku 2 hadi 10, pengine na kichefuchefu na kukosa usingizi, kisha kitalegea. Asipoambiwa hivyo, siku ya tatu ataona umemdhuru, atakwenda duka la dawa. Chagueni siku pamoja, wiki asiyo na kazi nzito, na mume au dada yake ajue. Panadol, ibuprofeni na diklofenaki zinaachwa mara moja. Aliyezoea tramado apunguziwe polepole. Wiki mbili za kwanza asimeze dawa yoyote ya maumivu. Kichefuchefu mpe metoklopramidi 10 mg, hadi mara tatu kwa siku, isizidi siku tano. Homa au dalili mpya ikizuka katika siku hizo, usiseme ni kwa sababu ya kuacha; mchunguze upya.

Dawa ya kinga, yaani ya kuzuia mashambulio yasije, anza siku hiyo hiyo anapoacha; zikienda pamoja matokeo ni bora kuliko kuacha peke yake. Kwa mama huyu mwenye presha ya juu kidogo ningeanza propranololi, dawa ya presha inayokinga pia kipandauso: nusu ya kidonge cha 40 mg asubuhi na jioni, baada ya wiki mbili 40 mg mara mbili, na kama mapigo hayashuki chini ya 60, inaweza kupanda hadi 80 mg mara mbili. Mwenye pumu asipewe kabisa, na swali ni "umewahi kukohoa ukipumua kwa mluzi usiku?", maana wengi wenye pumu hawajaambiwa kuwa ni pumu. Asiyelala vizuri, au ambaye kichwa chake kina sura ya mkazo, mpe amitriptilini. Kidonge mnachokuwa nacho mara nyingi ni cha 25 mg. Kikate nusu, ameze muda wa saa mbili kabla ya kulala, baada ya wiki moja au mbili kizima, na ikihitajika 50 mg. Mdomo utakauka na asubuhi za kwanza atakuwa mzito, mwonye mapema. Na kwa walioona vita, uliza usingizi, ndoto na kama amewahi kufikiria kujiua. Amitriptilini ikimezwa yote kwa pamoja inaua, kwa hiyo mwenye dalili hizo asipewe zaidi ya ya wiki mbili, na umuunganishe na mhudumu wa afya ya akili. Valproati, dawa ya kifafa inayotumika pia kama kinga ya kipandauso, usimpe mwanamke anayeweza kushika mimba.

Kinga haionekani kwa wiki moja. Ipe wiki 8 hadi 12 kwenye dozi kamili ndipo useme imeshindwa. Ikifaulu, iendelee miezi 6 hadi 12 kisha ipunguzwe. Kosa la kawaida ni 10 mg za amitriptilini kwa siku kumi, halafu "haikumsaidia".

Baada ya zile wiki mbili, shambulio likija alitibu mapema na kwa dozi inayotosha: ibuprofeni 400 hadi 600 mg baada ya chakula, au aspirini 900 mg, yaani vidonge vitatu vya 300 mg, pamoja na metoklopramidi 10 mg. Metoklopramidi si ya kutapika tu. Wakati wa kipandauso tumbo linasimama, na kidonge kinakaa humo bila kufika kwenye damu. Akishika mimba atumie parasetamoli (ndiyo Panadol) 1 g. Sharti ni moja: siku mbili kwa wiki, zisizidi. Ergotamini iliyoko kwenye baadhi ya maduka iogope, hasa kwa mwenye ARV zenye ritonaviri: zikikutana mishipa ya damu inajikaza hadi vidole vinakufa.

Kuhusu sindano anayoidai, mwambie ukweli kwamba diklofenaki nayo ni dawa ya maumivu inayoweza kumletea kichwa kama Panadol, na takoni inaweza kuacha jipu au kuumiza mshipa wa fahamu wa mguu. Wewe ndiye munganga anayemwamini; akiona umemchunguza macho, shingo na mwendo, na kumwandikia mpango, dai la sindano hupungua.

Uliza pia kama kabla ya kichwa huona vimulimuli au mistari ya kujipinda kwa dakika 5 hadi 60. Mwenye dalili hiyo asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa umri wowote, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Sindano ya miezi mitatu, kijiti au kitanzi vinamfaa.

Kwa wagonjwa wako wengine, neno juu ya vipimo. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki kikionyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha, kwa hiyo aliyemaliza dozi mwezi huu apimwe kwa hadubini. Kipimo cha taifodi cha kuchanganya tone la damu, kikifanywa mara moja tu, hakithibitishi kitu katika eneo ambalo watu wengi wana kingamwili za zamani. Na kichwa cha wiki sita bila homa si taifodi. Kila antibiotiki unayotoa hapo inamchelewesha mgonjwa kupata jina la ugonjwa wake.

Mpe mama daftari la shule. Chora miraba 30. Siku ya kichwa aweke msalaba, siku ya dawa ya maumivu duara, siku ya hedhi alama ya chini. Hata asiyejua kusoma analiweza. Arudi wiki ya pili, ya nne na ya nane, na kila mara hesabuni misalaba na maduara mbele yake. Ikifika wiki ya 12 kwenye dozi kamili, maduara yamepungua lakini misalaba haijapungua, mwandikie rufaa ya Fort Portal. Andika zile namba tatu, tarehe na jibu la VVU, dozi na wiki za kila dawa aliyotumia, ulichokiona kwenye macho, mikono na mwendo, na umkabidhi daftari aende nalo.